Kabla ya Picha ya PET, Pumzisha Misuli

Maswali yanayonifikia kuhusu picha ya PET yanafanana. Mtu amepewa karatasi ya miadi. Ameambiwa asile, ameambiwa anywe maji, halafu chini kabisa kuna mstari unaosema asifanye mazoezi mazito. La kutokula analielewa. La mazoezi anajiambia halimhusu, yeye si mwanariadha. Kesho yake anaamka alfajiri, anafua nguo za wiki nzima ili aache nyumba safi, anabeba begi hadi stendi na kufika hospitali akihema.

Mstari ule unamhusu yeye kuliko mkimbiaji wa mbio ndefu. Mkimbiaji angalau anajua kwamba amekimbia.

Ninachozungumzia hapa ni PET inayotumia FDG, ile ya sukari, ambayo ndiyo wagonjwa wengi wa saratani hupangiwa. Nairobi inafanyika katika Hospitali ya Aga Khan na katika KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wapo wanaoifuata India. Masharti ya misuli ni yaleyale kote; kinachotofautiana ni idadi ya saa. Ikiwa karatasi ya hospitali yako inapingana na mimi, fuata karatasi.

Misuli inaingiaje kwenye picha ya saratani?

FDG ni sukari iliyobebeshwa mionzi kidogo. Seli huivuta kama sukari nyingine yoyote, lakini haziwezi kuisaga hadi mwisho, basi hunasa ndani, na mashine husoma iliponasa. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, ndiyo maana hung'aa. Ubongo nao hung'aa siku zote, na kibofu pia kwa kuwa dawa hutoka na mkojo; hayo daktari wa picha ameyazoea. Msuli uliopumzika, wa mtu ambaye hajala, huvuta kidogo sana. Ule uliotoka kazini hufungua njia zake za sukari, na njia hizo hazifungwi mara tu unapokaa chini. Baada ya kazi nzito, msuli unaweza kubaki mwepesi wa kuvuta sukari kwa siku moja hadi mbili.

Madhara yake ni matatu, ingawa watu huwaza la kwanza peke yake:

- Doa la uongo. Msuli wa shingo au wa koo unang'aa upande mmoja, na pembeni yake kuna mitoki. Ni msuli au ni mtoki? Mara nyingi picha ya CT inayopigwa pamoja na PET hutoa jibu. Isipotoa, mgonjwa anarudishwa kwa kipimo kingine, pengine hata kuchukuliwa kinyama.
- Doa lililofichwa. Dawa unayochomwa ni kiasi kimoja kilichopimwa, kama sinia moja la pilau. Misuli ya mapaja na mgongo ikifika na njaa, uvimbe mdogo hubakiwa na makombo, na kwenye picha unafifia. Mimi hili ndilo linalonitisha. Doa la uongo litafuatiliwa na mtu. Lililofichwa halina wa kulifuatilia.
- Ulinganisho uliovurugika. Mgonjwa wa limfoma, kwa mfano, hupimwa kwa ngazi tano za Deauville, ambapo mng'ao wa mitoki hulinganishwa na wa ini na wa damu ya kifuani. Misuli ikikomba dawa, ini nalo linapungukiwa, na kile kilichokuwa cha kulinganishia hakiaminiki tena. Daktari anayetaka kujua kama dawa za saratani zinafanya kazi anajikuta anakisia.

Jiulize msuli gani umechoka tangu juzi

Neno "mazoezi" limewapotosha wengi, kwa sababu linaleta picha ya mtu mwenye raba na chupa ya maji. Mashine haijui kama ulikuwa unajenga mwili au unatafuta riziki. Pitia orodha hii kwa uaminifu:

- Kufua kwa mikono, kukamua mablanketi, kukuna nazi, kutwanga kisamvu: huonekana kwenye mikono na mabega.
- Kulima, kupalilia, kupasua kuni, kuchanganya zege: mgongo, mabega, mapaja.
- Kubeba ndoo kichwani au mtoto mgongoni: shingo na mgongo wa juu, mahali palepale daktari anapotafuta mitoki.
- Baiskeli, mkokoteni, ngazi za ghorofa ambayo lifti imekufa: mapaja na vigimbi vya miguu.
- Nyundo, msumeno, brashi ya rangi: mkono mmoja kung'aa kuliko mwenzake, jambo linaloshangaza mtu asiyejua kazi yako.
- Kwaya, mahubiri, kunadi bidhaa sokoni, kushangilia mpira: misuli midogo ya koo.
- Magongo ya kutembelea, au kiti cha magurudumu unachojisukuma mwenyewe: mabega na mikono.
- Kikohozi cha siku kadhaa au pumu iliyokubana: misuli ya katikati ya mbavu, kiwambo cha chini ya mapafu, na ya shingo inayosaidia kupumua.

Mambo mawili ya mwisho mgonjwa hana namna ya kuyaepuka. Hakuna anayemtaka aache magongo au azuie kikohozi. Anachotakiwa ni kusema, na hapo chini nitaeleza kumwambia nani.

Wapo wanaouliza kwa sauti ya chini kuhusu tendo la ndoa. Jibu ni kwamba usiku wa kuamkia miadi liahirisheni. Hakuna mwiko wowote hapo; ni kazi ya misuli kama nyingine.

Kutembea taratibu ndani ya nyumba, kuoga, kupasha chakula, kuswali: hayo hayana neno. Sijamwambia mtu yeyote alale kitandani kama gogo.

Ratiba ya mtu mwenye miadi ya Alhamisi, saa tatu asubuhi

Mwongozo wa EANM, chama cha Ulaya cha tiba ya nyuklia, unataka angalau saa 6 bila mazoezi mazito kabla ya kipimo, na ikiwezekana saa 24. Hospitali nyingi zimeshika hizo 24. Ushauri wangu kwa wanaofanya kazi za sulubu ni kuongeza siku nyingine moja, kwa sababu msuli unaouma ni msuli ambao bado unajirekebisha.

*Jumanne.* Maliza yote mazito leo; mwenye kazi za sulubu ayamalize Jumatatu. Fua leo, chota maji ya siku mbili leo, au utafute wa kukusaidia. Ukisubiri Jumatano jioni, umeshachelewa.

*Jumatano.*
- Hakuna mbio, gym, jembe wala ndoo.
- Punguza wanga na sukari kutwa nzima. Nyama, samaki, mayai na mboga za majani ni sawa. Ugali, wali, chapati, mihogo, soda, juisi na pombe viweke kando.
- Chakula cha mwisho kiwe kabla ya saa mbili usiku. Vituo vingi vinataka saa 6 bila kula, vingine 4. Ukikaa usiku mzima bila kula umetimiza yote.
- Tayarisha nguo za joto, majibu ya vipimo vya zamani na orodha ya dawa unazotumia, ili asubuhi usikimbizane.

*Alhamisi.*
- Maji matupu, kwa wingi, karibu lita moja katika saa mbili kabla ya kipimo. Mwenye tatizo la moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.
- Chai usinywe, hata ya rangi isiyo na sukari. Kahawa pia. Sigara iache.
- Usitafune kitu chochote. Ubani usio na sukari nao ni marufuku, kwa sababu tatizo liko kwenye taya zinazosaga.
- Dawa za presha na nyingine za kawaida meza kwa maji, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Miraa inastahili mstari wake. Mtu anayekesha na miraa anakusanya makosa kwa mkupuo: taya zimesaga usiku kucha, mwili umechangamshwa, usingizi hakuna, na pengine kulikuwa na soda pembeni. Iache kuanzia Jumatano asubuhi, na ikiwa hukuiacha, usione haya kusema.

Safari ya kwenda hospitali ndiyo inayoharibu

Mgonjwa anaweza kutulia kutwa nzima ya Jumatano, kisha akaharibu kazi ndani ya dakika arobaini za Alhamisi. Ametoka Mombasa au Kisumu na basi la usiku, ameshuka na begi zito, ameona foleni ya magari imeganda, akaamua kukata mitaa kwa miguu, tena kwa mwendo wa kukimbizwa.

Haraka yake ina sababu. Florini-18, ile mionzi ambayo sukari imebebeshwa, hupungua nusu kila dakika 110. Dozi iliyoandaliwa ya saa tatu, ukifika karibu na saa tano imeshabaki nusu yake, na huwezi kuwekewa kwenye friji hadi kesho. Hospitali hukasirika ukichelewa, na wana haki. Lakini kati ya kuchelewa dakika ishirini na kufika mbio, afadhali uchelewe huku umepiga simu.

- Fika mjini siku moja kabla ikiwa unatoka mbali. Gharama ya kulala usiku mmoja ni ndogo kuliko ya kurudia kipimo.
- Aliyekusindikiza abebe mizigo yote. Hata mkoba.
- Panda gari hadi mlangoni. Bodaboda si kosa kwa upande wa misuli, mradi hukukumbatia mzigo njia nzima, ingawa baridi ya asubuhi juu ya pikipiki ina shida zake, nitaieleza.
- Ngazi uzikatae. Uliza lifti ilipo, au omba kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma. Mtu mzima mwenye miguu yake anaona aibu kuomba kiti. Omba.
- Umefika ukiwa unahema? Mwambie mhudumu kabla ya sindano. Anaweza kukuacha utulie kwanza.

Saa moja baada ya sindano

Hapa ndipo penye uzito kuliko sehemu zote za siku hiyo, na ndipo wagonjwa wanapojiachia, wakidhani kipimo ni pale kwenye mashine. Kipimo kilianza dawa ilipoingia mshipani. Utapimwa sukari kwa kuchomwa kidole, utawekewa sindano, kisha utapelekwa kwenye kiti cha kuegemea au kitanda, na utakaa hapo kama dakika 60. Katika saa hiyo dawa inagawanyika mwilini, na sehemu kubwa ya mgawo hutoka nusu saa ya mwanzo. Msuli utakaoutumisha wakati huo utajipakulia.

Usizungumze. Mazungumzo ya kawaida yanatosha kung'arisha misuli ya koo. Kwa mgonjwa wa saratani ya koo, shingo au tezi ya shingo, hilo linamchanganya daktari mahali pabaya kabisa. Kuna hata hali ambapo uzi mmoja wa sauti umepooza. Ule mzima unafanya kazi ya wawili, unang'aa peke yake, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni uvimbe.

Simu izime. Wengi hudhani simu inakatazwa kwa sababu ya mitambo. Sababu ni vidole, mikono, shingo iliyoinama na kicheko cha video. Kumbuka kuwaambia nyumbani mapema kwamba hutapokea, maana simu ya kwanza ya "umefikia wapi?" huja dakika ya kumi.

Jifunike. Mwili ukipata baridi hutetemeka, na kutetemeka ni misuli kufanya kazi. Kabla hata ya kutetemeka kuna mafuta ya kahawia, aina ya mafuta iliyoko shingoni, juu ya mifupa ya kola na kando ya uti wa mgongo, ambayo huchoma sukari ili kutoa joto. Nayo hung'aa kwenye picha, hasa kwa vijana, wanawake na watu wembamba. Mtu wa Pwani anayefika Nairobi mwezi wa Julai na shati la pamba amejiandalia tatizo hili mwenyewe. Vaa sweta na soksi tangu unatoka nyumbani, kwa sababu kujifunika shuka baada ya kufika ukiwa umeganda kunasaidia nusu tu. Ukihisi baridi ndani ya chumba, omba blanketi la pili.

Legeza mabega. Hofu hukaza shingo na mabega bila mwenyewe kujua. Shusha mabega, achanisha meno, fungua viganja. Ukiweza kusinzia, sinzia. Mwenye woga mkubwa wa vyumba vya mashine aongee na daktari siku kadhaa kabla, kwani vipo vituo vinavyotoa dawa ya kutuliza. Usijinunulie duka la dawa ukameza kimya kimya.

Nenda haja ndogo kabla ya kuingia kwenye mashine. Tembea taratibu. Mkojo ukibaki kibofuni una mionzi na utaziba sehemu ya nyonga.

Kwa mtoto mambo ni magumu zaidi. Mtoto anayelia kwa nusu saa ametumia koo, kifua na kiwambo. Mzazi aulize mapema jinsi kituo kinavyoshughulikia watoto, na wapi yeye atakaa, kwa sababu mama mjamzito hataruhusiwa kumshika baada ya sindano.

Wenye kisukari, someni hapa polepole

Insulini huifanyia misuli kitu kilekile ambacho kazi ngumu huifanyia: hufungua njia za sukari. Tofauti ni kwamba hufungua mwili mzima. Ndiyo maana mtu aliyejichoma insulini ya haraka asubuhi, au aliyekula kidogo akaona haidhuru, hutoa picha ambayo misuli yote imewaka toka shingo hadi vidole vya miguu, na viungo vingine vimefifia. Picha hiyo mara nyingi hurudiwa.

- Usiache dawa kwa uamuzi wako. Piga simu kituoni siku kadhaa kabla, taja kila dawa na saa unayoitumia, na mpange pamoja na daktari wako wa kisukari.
- Insulini ya haraka kwa kawaida hutakiwa iwe imepita saa 4 au zaidi kabla ya FDG.
- Metifomini hung'arisha utumbo. Vituo vingine huisimamisha kwa saa 48, vingine haviisimamishi. Uliza chako.
- Sukari ikizidi 11 kwa mita ya mmol/L, vituo vingi huahirisha. Vingine vina kikomo cha chini zaidi.
- Omba miadi inayokufaa. Kwa mtumiaji wa insulini, mara nyingi ni mchana, baada ya kifungua kinywa cha mapema na dozi yake ya kawaida.
- Ukitetemeka, ukitoka jasho na kuona giza, hiyo ni sukari kushuka. Sema papo hapo. Hakuna picha yenye thamani kuliko uhai wako.

Na onyo ambalo halisemwi vya kutosha: umepima nyumbani asubuhi ukakuta sukari iko juu, usitoke kwenda kukimbia ili uishushe. Siku nyingine ni ushauri mzuri. Leo utakuwa umeisukuma hiyo sukari, na dawa itakayofuata, kwenye mapaja. Piga simu, waamue wao.

Umeshakosea? Sema

Nikiulizwa jambo moja tu la kushika katika makala yote, ningetaja hili. Daktari anayesoma picha mara nyingi hayuko chumbani, hakuoni, na anaweza kuwa jengo jingine. Anachojua juu ya siku yako ni kile mhudumu alichoandika kwenye fomu. Ikiandikwa kwamba juzi ulipasua kuni, mabega yanayong'aa pande zote mbili yanapata maelezo. Isipoandikwa, yanabaki fumbo, na fumbo kwenye picha ya mgonjwa wa saratani huzaa vipimo vingine.

Wagonjwa huficha kwa sababu wanaogopa kufukuzwa baada ya kusubiri miadi kwa wiki kadhaa na kulipa fedha nyingi. Naielewa hofu hiyo. Lakini kuahirishwa ni uamuzi mmoja tu kati ya kadhaa: wanaweza kukusogeza mchana, wanaweza kuendelea ikiwa sehemu wanayoitafuta iko mbali na misuli uliyoitumia, au wakaendelea kwa sababu hali yako haisubiri. Wanaweza kuamua vizuri ikiwa tu wanajua.

Ukiwa nyumbani na umegundua umekosea, piga simu kabla ya kusafiri. Maneno machache yanatosha: "Nina PET kesho saa tatu. Leo asubuhi nimelima kama saa mbili. Sina kisukari. Nije au mnanipangia siku nyingine?"

Ukiwa umefika, mwambie anayekupima sukari, kabla ya sindano. Taja:

- kazi gani, lini, kwa muda gani, na mkono au mguu upi zaidi;
- kikohozi, pumu, kwikwi au kutapika kwa siku za karibuni;
- kuanguka, kuteguka, au sindano ya msuli uliyochomwa, begani au kwenye tako;
- chanjo yoyote ya wiki za karibuni na mkono uliochomwa, kwa sababu mitoki ya kwapa upande huo inaweza kung'aa;
- magongo, kuchechemea, au kazi unayofanya kwa mkono mmoja;
- ulichokula mwisho na saa. Hata pipi.

Makosa ninayoyaona zaidi

- Kujiandaa kwa kutokula huku ukiendelea na kazi. Funga na jembe havikai pamoja siku hiyo.
- Kunyoosha viungo kwenye chumba cha kusubiri ili "damu itembee" baada ya sindano.
- Kutafuna ubani kuficha harufu ya mdomo wenye njaa.
- Kupita gym jioni ya kuamkia miadi, kwa hoja kwamba ni uzani mwepesi.
- Kumpa mgonjwa glukosi ya kopo aliyoletewa na jamaa, kwa kuwa "amelegea". Jamaa wema wameharibu picha nyingi.
- Kuja na rafiki mcheshi. Mwache nje.

Mnachonibishia

*"Daktari wangu aliniambia mazoezi yananisaidia kwenye matibabu. Sasa nimsikilize nani?"*
Wote wawili. Kujishughulisha kuna faida kwa wagonjwa wengi wa saratani, na sitaki mtu aache kwa wiki nzima kwa ajili yangu. Ni siku moja au mbili, kisha unarudi.

*"Mimi naishi peke yangu na maji yako mtoni."*
Basi chota Jumanne, kwa madumu ya siku mbili. Ikishindikana, chota kidogo kidogo Jumatano mapema na uandike. Aliyechota ndoo moja na akasema ni mgonjwa rahisi kuliko aliyechota kumi akanyamaza.

*"Ni mwezi wa Ramadhani. Nitanywaje maji mengi asubuhi?"*
Iambie hospitali mapema kwamba utakuwa umefunga, na uzungumze na mwanachuoni unayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Kwa upande wa picha, angalia daku: ukila karibu na alfajiri na miadi ni saa tatu, hujatimiza saa 6. Omba nafasi ya baadaye mchana, au kula daku mapema.

*"Nilifanya kila kitu na bado ripoti imetaja misuli."*
Inatokea. Misuli ya macho hung'aa kidogo kwa mtu yeyote, na koo la mtu mwenye kikohozi halitulii. Ripoti ikisema mng'ao wa misuli unaonekana kuwa wa kawaida au wa kutumika, daktari anakwambia ameuona na ameupita. Chochote kilichobaki kisichoeleweka, muulize daktari aliyekutuma, akiwa na picha mbele yake.

Je, skani nyingine?

Kwa eksirei na ultrasaundi za kawaida, kazi ya jana haina uzito. Skani ya mifupa ya teknetiamu ni tofauti kidogo: msuli ulioumia sana, kama wa mtu aliyemaliza mbio ndefu kupita uwezo wake, unaweza kuvuta dawa ile ya mifupa. MRI ya goti au paja huonyesha maji kwenye msuli uliochoshwa, kwa hiyo mwambie mpigaji picha ikiwa bado unauma. PET ya PSMA, inayotumika kwa saratani ya tezi dume, haitumii sukari, na masharti yake ya chakula na misuli ni mengine. PET ya moyo ina chakula chake maalumu, wakati mwingine kinyume kabisa na haya, hivyo usichukue ratiba yangu ukaipeleka huko.

Ukishatoka

Kula. Kunywa maji mengi ili dawa itoke na mkojo. Kwa saa chache, kituo kitakwambia ngapi, usimpakate mtoto mdogo wala kukaa ubavuni mwa mjamzito. Anayenyonyesha apate maelekezo yake kabla ya siku ya kipimo ili akamue akiba. Mazoezi unaweza kurudia jioni hiyohiyo ikiwa nguvu ipo.

Na kama utapigwa picha nyingine baada ya miezi ya matibabu, andika leo ulivyojiandaa: ulipumzika tangu lini, ulikula nini, sukari ilisoma ngapi, ulipigwa sindano saa ngapi na kuingia mashineni saa ngapi. Omba kituo kilekile ukiweza, na picha ya kwanza ije nayo kwenye diski. Picha mbili zilizoandaliwa kwa namna moja ndizo zinazoweza kuwekwa ubavu kwa ubavu.